Nilivyofungisha ndoa ya Kiranjeranje kwa video call nikiwa ndani ya lori la saruji

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo nawasalimu.

Hiki ninachosimulia ni changu mwenyewe. Si cha rafiki yangu wala cha binamu wa jirani. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana huku kwetu Kilwa tunajuana mpaka kwa mlio wa pikipiki.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka aruke, ila namwonya, pilau liko katikati.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masoko, na ni imamu msaidizi wa msikiti wa mtaani kwetu. Nina leseni ya kufungisha ndoa za Kiislamu, ya serikali kabisa, ina muhuri. Mke wangu anasema leseni hiyo imenifanya nitembee kifua mbele kuliko ualimu wenyewe. Simbishii.

Nina tabia moja ambayo watu hawaipendi: nataka mambo yaende kwa utaratibu. Nikikuta mashahidi wanachezea simu, nasimamisha. Bwana harusi akija na miwani ya jua, avue kwanza ndiyo tuongee. Ndivyo nilivyo, na kwa uzee huu sibadiliki.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Kuna binti wa Kiranjeranje, tumwite Zuhura. Mchumba wake tumwite Hamisi, fundi umeme, kijana wa hapohapo kijijini. Posa ilipokelewa zamani, lakini ndoa ikawa inapigwa danadana. Mara ya kwanza iliangukia msimu wa korosho, baba mtu akasema hana muda wa sherehe wakati korosho ziko chini zinamsubiri. Mara ya pili ukaingia msiba.

Mara ya tatu ndiyo hii.

Hamisi alikuwa amepata mkataba wa kazi Oman, miaka miwili. Ndege yake ilikuwa Jumapili usiku kutoka Dar. Ndoa ikapangwa Jumamosi mchana, aoe, alale kwake, asubuhi aanze safari.

Baba yake Zuhura, Mzee Mkumba, ni mkulima wa maneno machache na msimamo mwingi. Akatamka mbele ya wazee wenzake kwamba safari hii ikishindikana, mahari yarudishwe na kila mtu ashike njia yake. Binti yake hatakaa miaka miwili akimsubiri mwanaume ambaye si mumewe.

Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Ijumaa usiku mvua ilinyesha kama imetumwa. Asubuhi nikavaa kanzu yangu niliyoipiga pasi, nikakifunga kitabu cha vyeti vya ndoa kwenye mifuko ya nailoni, nikapanda gari. Nangurukuru tukapita vizuri. Huko mbele tukakuta foleni ya malori.

Maji yamepita juu ya barabara, na kipande cha lami kimeondoka nayo. Ng'ambo nilikuwa naiona kwa macho yangu. Kulikuwa na magari yamesimama kama ya kwetu, watu wake wanatuangalia na sisi tunawaangalia.

Nikamuuliza jamaa mmoja aliyekaa kwenye ndoo yake ya mafuta, njia itafunguka saa ngapi. Akaniangalia kanzu, akaniangalia kofia, akasema, "Shehe, hilo swali si ungelijibu wewe?"

Nikampigia Mzee Mkumba. Baada ya salamu nikamweleza.

"Mwalimu, watu wameshakaa kwenye jamvi," akasema.

"Najua mzee wangu. Lakini sina mbawa."

"Basi tena. Nilishasema."

Mtu atauliza humu, kwani Kiranjeranje nzima hakuna shehe mwingine? Yupo, mzee wetu wa msikiti wa pale, na ana elimu kunizidi. Lakini leseni hana. Angeifungisha yeye, kwa dini ingekuwa sawa, ila cheti kisingepatikana. Na bila cheti Zuhura asingeweza hata kuomba kumfuata mumewe Oman. Angebaki na ndoa ya mdomo na mume wa kwenye simu.

Nikamwomba Mzee Mkumba anipe nusu saa. Hakukubali wala hakukataa, alikata tu simu.

Hapo nikapiga simu mbili.

Ya kwanza kwa mwalimu wangu wa dini, mzee sana sasa, anaishi Lindi mjini upande wa Mitwero. Nikamuuliza kama naweza kufungisha ndoa kwa video. Akaniambia nimtajie nguzo za ndoa, kama vile bado niko darasani kwake. Nikamtajia: mume, mke, wali (yaani baba wa binti), mashahidi wawili na tamko.

"Umejitaja hapo?" akaniuliza.

"Sikujitaja, shehe."

"Basi. Nguzo zote ziko Kiranjeranje. Wewe ni msomaji tu, soma ukiwa popote."

Wakuu, miaka yote hii nilikuwa najiona nguzo.

Simu ya pili ilikuwa kwa msajili wa ndoa, mama mmoja mkali anayependa utaratibu kuliko mimi. Akaniuliza kama tangazo la ndoa lilibandikwa na muda wake umeisha bila pingamizi. Nikamwambia ndiyo. Akasema niendelee, kwa masharti. Nizione sura zao wote wawili. Vyeti visainiwe ana kwa ana mbele yangu kabla kijana hajaondoka nchini. Na ridhaa ya bwana harusi na ya bibi harusi niisikie kwa masikio yangu.

"Usije ukaniambia uliambiwa kakubali," akasema. "Nataka uniambie ulimsikia."

Nikaitikia haraka, maana niliona ni jambo dogo.

(Hapa nisimame kidogo. Mimi si mwanasheria. Msije mkaenda kuozeshana kwenye simu eti mmesoma uzi wa Mwalimu. Ulizeni kwanza wahusika wa kwenu.)

Nikarudi kwa Mzee Mkumba.

"Mimi siozeshi kwenye kioo," akasema. "Mtu anaoza mtoto wake mbele ya watu."

"Na utaoza mbele ya watu, mzee. Wewe ndiye unayeoza, si mimi. Mkwe wako yuko mbele yako, mashahidi wako mbele yako. Mimi nakusomea tu nikiwa huku."

Kisha akasema, "Jaribu. Lakini mkiniletea mizengwe, watu wale pilau lao waondoke."

Tatizo likawa network. Pale chini barabarani ilikuwa inakuja na kuondoka. Dereva mmoja wa lori la saruji, tumwite Baba Asha, akaniambia nipande kwenye kichwa cha lori lake, huko juu inashika. Nikapanda na kanzu yangu. Akanipa chaja, akaisimamisha simu kwenye dashibodi kwa kuiegemeza na chupa ya maji.

Habari ikasambaa kwenye foleni. Madereva na mataniboi wakaja kusimama kwenye milango ya lori, huku na huku. Mmoja hakuwa na kofia, akaazima ya mwenzake. Hawamjui bwana harusi wala bibi harusi, lakini ungewaona ungedhani wamealikwa.

Upande wa pili simu ilishikwa na Rehema, dada yake mkubwa Zuhura. Akanizungushia jamvi lote. Nikamwona Hamisi na kanzu mpya, jasho limemtoka. Nikawaona mashahidi. Nikamwona Mzee Mkumba, amegeuza uso pembeni kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho kwa lazima.

Nikamuuliza Hamisi kama ameridhia. Akajibu kwa sauti ambayo nadhani ilifika Nangurukuru bila simu.

Nikasema, sasa nipelekwe kwa mwali.

Kwa wasiojua: kwetu, kabla ya kufunga ndoa, shehe huenda ndani kumuuliza mwali kama ameridhia. Unamkuta amefunikwa khanga, ameinama. Unamuuliza, ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kukubali, kwa sababu ya haya zake. Wanawake wanapiga vigelegele, unatoka zako nje kuendelea. Nimefungisha ndoa nyingi na wote wamenyamaza, sikuwahi kuona tatizo.

Rehema akaingia chumbani. Kwanza nikaona giza. Ilikuwa khanga ya Bi Somoe, shangazi yake Zuhura, ambaye ndiye kungwi wake. Alikuwa ameifunika simu.

"Shehe, huku kuna wanawake," akasema.

"Shikamoo Bi Somoe. Najua. Nataka kumuuliza mwali tu."

"Marahaba. Uliza, ila macho uyaweke chini."

Khanga ikaondoka. Nikaona khanga nyingine, na chini yake kuna mtu.

Nikauliza, "Zuhura binti Mkumba, umeridhia kuolewa na Hamisi kwa mahari ya msahafu na cherehani?"

Kimya.

Vigelegele vikaanza. Na mimi huku kwenye lori picha imeganda, duara linazunguka. Sasa wakuu, kimya kile kilikuwa cha nani? Cha mwali au cha network? Nikakumbuka maneno ya yule mama msajili. Mimi nilikuwa sijasikia kitu.

Picha iliporudi nikasema samahani, nirudie. Nikauliza tena. Kimya. Vigelegele tena, vya nguvu kuliko vya kwanza.

Hapo ndipo ilipoharibika.

Wapishi walikuwa nyuma ya nyumba. Kwa kawaida vigelegele vya kwanza ni vya idhini, vya pili ni vya ndoa kufungwa, na baada ya hapo ni chakula. Waliposikia vya pili wakajua tayari. Wakafunua masufuria. Masinia yakaanza kutoka.

Mimi chumbani kwenye simu nabishana na Bi Somoe, sijui lolote.

"Bi Somoe, nataka sauti yake."

"Kanyamaza, shehe. Unataka nini tena?"

"Leo kimya hakitoshi. Nipo mbali, sijui kama amenyamaza yeye au simu."

"Mwali hasemi," akasema Bi Somoe. "Mimi nimefunda mabinti wa kijiji hiki, hakuna hata mmoja aliyemjibu shehe. Nikimwachia huyu aseme, kesho watu watasema nimefunda nini?"

Nilimwelewa, na kusema kweli nilimhurumia. Jina lake lilikuwa pale. Lakini na mimi nilikuwa nimepewa sharti, na sharti ni sharti.

Mara nikasikia kelele nje. Rehema akakimbia na simu mpaka dirishani. Wakuu, nilichokiona ni watu wamezunguka masinia wanakula pilau, na katikati yao Hamisi, bwana harusi, mashavu yamejaa. Kumbe tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni kwa woga, na sinia likamjia.

Mzee Mkumba amesimama.

"Watu wanakula harusi haijafungwa," akasema. Hakupaza sauti, na ndiyo maana wote walimsikia. "Nilisema sitaki mizengwe. Jamani kuleni mmalize. Hamisi, mahari yako utayakuta."

Hamisi akabaki ameduwaa na wali mdomoni, hawezi kumeza wala kutema. Madereva waliokuwa mlangoni kwangu wakashika vichwa. Baba Asha akasema taratibu, "Ee Mola, kwa ajili ya pilau."

Mimi nikaanza kuongea, mzee tafadhali, mzee nisikilize. Hakuna aliyenisikiliza. Mtu aliye kwenye simu ni rahisi sana kumpuuza, nimejifunza.

Ndipo simu ikamtoka Rehema mikononi. Picha ikayumba, dari, ukuta, dari. Ilipotulia nikaona uso.

Alikuwa Zuhura. Khanga ameishusha mabegani, hina mpaka kwenye viwiko, macho makavu kabisa.

"Shikamoo shehe."

"Marahaba, binti yangu."

"Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia."

"Mimi ndiye Zuhura binti Mkumba. Nimeridhia kuolewa na Hamisi. Nimeridhia kwa msahafu na kwa cherehani. Niliridhia tangu posa inakuja. Mmeahirisha mara mbili, na leo mnataka kuahirisha ya tatu, na hakuna hata siku moja mtu aliyekuja kuniuliza kama nimeridhia kuahirishiwa."

Akapumua.

"Sijaridhia. Naomba uendelee, shehe, simu ya dada inaisha chaji."

Dirisha lilikuwa wazi. Nje walisikia kila neno.

Wakuu, mimi nimekaa kwenye kiti cha lori na machozi yananitoka, na sioni aibu kuwaambia. Ile sauti haikuwa na jeuri hata kidogo. Alikuwa anasema jambo lake tu.

Nikamtazama Bi Somoe, maana nilijua yeye ndiye atakayeamua chumba kile kishangilie au kinune. Alikuwa amejishika kiuno. Akamtazama mwali wake juu mpaka chini.

"Haya," akasema. "Kasema. Na kasema vizuri, bila kukosea neno. Nani mwingine kamfunda kama si mimi?"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, spika ya simu ilikoroma.

Nikaomba nipelekwe nje. Mzee Mkumba alikuwa bado amesimama palepale. Watu wote wameacha kula. Alikaa kimya muda mrefu, na mimi nikajikuta siamini tena kimya cha mtu yeyote.

Kisha akakaa chini kwenye jamvi.

"Mwanangu kasema mbele ya watu," akasema. "Na mimi nitasema mbele ya watu. Leteni hiyo simu karibu. Na huyo kijana akasukutue."

Hamisi akasukutua. Akarudi mbio, akakaa, akampa mkwewe mkono. Nikasoma khutba ya ndoa, fupi, nusu ya akili yangu iko kwenye betri ya Rehema. Nikamwongoza Mzee Mkumba, lakini hakunihitaji sana.

"Hamisi, nimekuoza binti yangu Zuhura kwa mahari mliyokubaliana." Sauti ilimtetemeka kwenye jina la binti yake, akalirudia. "Zuhura."

"Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo," akasema Hamisi.

Mashahidi wakasema wamesikia. Nami nikasema nimesikia, na safari hii nilikuwa nimesikia kweli. Nikainua mikono kuomba dua, na katikati ya dua simu ya Rehema ikazima. Haikuwa na shida tena, nguzo zote zilikuwa zimeshasimama.

Baba Asha akaniuliza, "Imefungwa?"

Nikamwambia imefungwa.

Akalalia honi. Lori la nyuma likaitikia, na la nyuma yake, mpaka foleni yote ikawa inalia. Baadaye nikasikia na ng'ambo ya maji wanapiga, sijui kama walijua wanashangilia nini. Mtu akatoa korosho, mwingine chupa ya chai. Tukafanya karamu yetu pale barabarani, kanzu yangu imejaa vumbi la saruji na nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

Alfajiri maji yakapungua, mtambo wa kijiko ukamwaga kifusi, nikavuka na gari la kwanza. Nilifika Kiranjeranje wanapasha pilau la jana. Vyeti vikasainiwa mbele yangu: mume, mke, wali, mashahidi, na mimi. Nikawatazama sura zao vizuri mmoja mmoja, nikampigia mama msajili hapohapo.

"Ulimsikia?" akaniuliza.

"Nilimsikia mimi, na foleni nzima ya malori."

Hamisi akaondoka kwenda kuiwahi ndege yake, nakala ya cheti iko kifuani. Zuhura alimsindikiza mpaka barabarani, anacheka. Kwa taarifa yenu, maombi yake ya kumfuata yameshapelekwa.

Nilichojifunza ni hiki. Tangu siku ile, hata nikiwa chumbani ana kwa ana na mwali, sitoki mpaka nisikie neno. Namwambia aseme polepole, hata kwa kunong'ona, lakini aseme. Makungwi wengine wananinunia. Bi Somoe ndiye anayenitetea, anatembea akisema huo utaratibu ameuanzisha yeye.

Basi niliporudi nyumbani jioni ya Jumapili ile nikamsimulia mke wangu yote, na kanzu yangu chafu, na mikono inapepea hewani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta meza, akaniuliza, "Na mimi siku ile nilisema?"

Nikakumbuka. Nilimchungulia mlangoni, amefunikwa khanga ya rangi ya zambarau, ameinama. Alinyamaza, wakapiga vigelegele, nikafurahi nikala.

Tuna watoto wanne, wakuu.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikamuuliza kwa jina lake na la baba yake kama ameridhia kuolewa na mimi.

Akaniangalia. Akasema, "Ngoja nifikirie."

Mpaka naandika uzi huu bado anafikiria, na kila akipita hapa na bakuli anacheka peke yake. Nyie mlio kwenye ndoa, zenu zilijibiwa kwa sauti au kwa kimya? Andikeni hapo chini, na aliye karibu na mwenziwe amuulize leo. Mimi niko hapa jikoni, nasubiri jibu langu.